Futa Majina, Baki na Hesabu

Kindu, mtaa wa Kasuku, 3 Februari 1975

Kwa mwanangu Bulaimu, mwalimu wa hesabu huko Kampene,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanaamka baada yangu. Mvua imebomoa ukuta wa jikoni. Mbuzi aliyekula shuka langu jipya amezaa mapacha, nikamsamehe. Baba yako mdogo Musafiri amerudi kutoka Lokandu na samaki wakavu na kikohozi. Samaki wameisha, kikohozi bado tunacho.

Macho yangu hayashiki tena mstari. Kwa hiyo jua kwamba kuanzia leo anayeniandikia ni Jamila binti Sumaili, na majibu yako atanisomea yeye, kwa sauti, tukinywa chai. Ndiyo, Jamila yuleyule. Miaka miwili iliyopita mimi shangazi yako nilivaa kanga mpya, nikaenda kwa baba yake kukuposea, nikakubaliwa, nikarudi nikipiga vigelegele hadi mlangoni. Watu wa Kasuku wanavikumbuka vigelegele hivyo. Sasa wananiuliza vilikuwa vya nini.

Nilikuuliza katika barua iliyopita: unakuja lini kumwoa? Ukajibu kwamba «jambo hili, shangazi, ni mlinganyo wenye mambo mengi yasiyojulikana». Jamila alisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha akaniuliza kama ni ugonjwa na kama unaambukiza.

Basi sikiliza. Mama yako alipofariki ni mimi niliyekulea, na kuhesabu ulijifunza kwa kokwa za mawese uani kwangu. Leo nifundishe wewe. Nifundishe huo mlinganyo. Kama siku ya harusi yako imejificha humo ndani, nitaitoa kwa mkono wangu.

Sumaili anakusalimu. Alichosema hasa ni hiki: «Mwambie ule mwalimu, mutoto wangu hataolewa na makaratasi.»

Shangazi yako, Hadidja

(Nami niandikaye nasalimu. J.)


Kampene, 2 Machi 1975

Kwa shangazi yangu mpendwa,

Waalaikum salaam. Barua yako ilikuja na lori lililozama matopeni, imenifikia ikinuka mazuti ya injini, lakini inasomeka. Pole na magoti, pole na ukuta. Msalimie baba mdogo na umwambie anywe maji ya moto. Mpongeze mwandishi wako, ana hati safi.

Hapa Kampene mambo yanasonga. Kila asubuhi shule nzima inacheza ngoma ya kukisifu Chama mpaka jua linapokuwa kali, kisha wanafunzi wanaingia darasani wamechoka hata kuuliza maswali, kwa hiyo nidhamu ni nzuri mno. Mkurugenzi wetu, zamani Florentin, sasa, kwa amri ya Chama, ana jina refu la kiasili ambalo mwenyewe hulisoma kutoka kwenye karatasi. Ameniahidi kwamba cheo cha prefe wa masomo, yaani msimamizi wa masomo yote ya shule, ni changu. Tunangoja tu barua ya uteuzi kutoka Bukavu. Ikifika, mambo yote yatafuata yenyewe, na yale uliyoniuliza pia.

Sasa somo. Hesabu ya maneno huwashinda wanafunzi kwa sababu moja: wanasikiliza hadithi. Ukimwambia mwanafunzi kwamba Mama Hélène ameuza mayai, ataanza kujiuliza Mama Hélène anakaa wapi. Kwa hiyo darasani kwangu sheria ya kwanza ni hii: futa majina, baki na hesabu. Nani ni nani, hayatuhusu. Halafu kile usichokijua kiite x, andika sentensi yenye pande mbili zilizo sawa, na uitatue polepole. Ukiwa umeulizwa habari za watu au za vyombo, jibu lazima liwe namba nzima, tena kubwa kuliko sifuri. Likija jibu la namna nyingine, litupe bila huruma.

Jaribu hili. Baba ana umri mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka kumi na miwili atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Kila mmoja ana miaka mingapi?

Mwanao, Bulaimu,
Mwalimu wa Hesabu, Darasa la Tatu na la Nne


Kindu, 28 Machi 1975

Kwa mwanangu Bulaimu,

Tumepokea salamu zako, tumezigawana. Ukuta wa jikoni umejengwa tena, umeinama kidogo kama anayesikiliza. Kikohozi cha Musafiri kimekunywa maji ya moto yote uliyoagiza na kinaomba mengine. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, mwingine anakula mashuka.

Swali lako tumelijibu. Mtoto ana miaka kumi na miwili, baba thelathini na sita. Jamila alilipata kabla sijameza funda la chai. Lakini swali lenyewe, mwanangu! Baba gani huyo asiyejua umri wa mwanawe mpaka angoje miaka kumi na miwili mingine? Angemuuliza mama wa mtoto, angejibiwa bure, bila x. Sasa naelewa kwa nini serikali inawacheleweshea walimu mishahara. Wamesoma maswali yenu.

Nami nimetunga langu. Nakuomba ulisome lote.

Mwalimu mmoja wa Kampene, jina lake Bulaimu, tangu apose msichana wa Kindu ameleta barua saba, na siku hizi huongeza moja kila miezi miwili. Mfanyabiashara mmoja wa mchele kutoka Tunda, jina lake Kasimu, mwezi huu amefika barazani kwa Sumaili mara moja. Alileta mchele na halua, akasalimia kila mtu kwa jina lake, akaona mlango unalia, akautia mafuta. Ameahidi kuja mara mbili kila mwezi. Sumaili amesema hivi: siku ziara za Tunda zitakapolingana na barua za Kampene, atamjibu Kasimu ndiyo. Je, mwalimu amebakiwa na miezi mingapi?

Huyu anayeandika ameniuliza kama swali ni gumu kwako. Nimemwambia ngoja tuone.

Shangazi yako, Hadidja

(Mlango wetu kweli haulii tena. J.)


Kampene, 11 Mei 1975

Kwa shangazi yangu mpendwa,

Nisamehe kuchelewa, barabara ilikuwa supu. Poleni na pacha. Hapa wachimbaji wamepata mawe mazuri na bia imepanda bei, lakini mimi, kama ujuavyo, habari hizo hazinigusi.

Shangazi, umenifurahisha! Swali zuri, lina pande mbili, lina namba nzima, mwalimu wa chuo angelitia sahihi. Tazama lilivyo jepesi ukishafuta majina. Miezi iwe x. Barua ni saba, na nusu ya x. Ziara ni moja, na x mara mbili. Zikilingana:

7 + x/2 = 1 + 2x

Zidisha kila upande kwa mbili: 14 + x = 2 + 4x. Kumi na mbili ni sawa na x tatu. Kwa hiyo x ni nne. Miezi minne kutoka Machi ni Julai. Angalia pia kwamba x lazima igawanyike kwa mbili, maana nusu ya barua haiandikwi. Nimewapa darasa la nne swali hilohilo na wamelipenda, hasa pale pa mlango.

Jambo dogo la kusahihisha: hukuwa na haja ya kuweka majina ya watu tunaowajua. Yanamvuruga anayetatua. Ungeandika «mtu wa kwanza» na «mtu wa pili».

Kwetu tuna kazi kubwa. Kwa sikukuu ya Chama ya tarehe ishirini, mkurugenzi anataka wachezaji wasimame mistari iliyo sawa, kila mstari watu sawa, bila pengo. Wachezaji ni hamsini na watatu. Nikamweleza kwamba hamsini na tatu haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe: watasimama mstari mmoja mrefu hadi sokoni, au nyuma kutakuwa na mkia. Akanikazia macho, akaniita raia kwa Kifaransa cha Chama: «Sitwayeni, hii namba inakataa Chama?» Kupunguza mtu haiwezekani, maana mzazi wake ataitwa kuulizwa kwa nini mtoto hachezi. Basi tumeongeza mmoja. Hamsini na nne ni sita mara tisa, mistari sita ya watu tisa, safi kabisa. Ndiyo faida ya kujua vigawo.

Barua ya Bukavu bado iko njiani.

Mwanao, Bulaimu


Kindu, 12 Julai 1975

Kwa mwanangu Bulaimu,

Sisi wazima. Kiangazi kimeingia, barabara ya Kampene ni kavu, malori yanakwenda na kurudi kila wiki. Nakutajia tu hali ya hewa.

Masudi dereva alipita kunywa maji, nikamuuliza habari zako. Akaweka bilauri chini ili apate mikono yote miwili ya kuonyesha. «Mama Hadidja, mwalimu iko anacheza muzuri sana! Njo yeye anasimama pa mbele, na majani kiunoni!» Kwa hiyo huyo mmoja mliyemuongeza, ambaye hukumtaja jina, ni wewe. Hapo nakusifu, umefuata sheria yako mwenyewe. Nilicheka mpaka magoti yakapona kwa muda. Halafu sikucheka tena. Mwanangu aliyesoma mpaka vitabu vikaisha, anarukaruka mbele ya Florentin ili mistari ilingane! Na ukaona ni afadhali tusijue.

Unasema nusu ya barua haiandikwi. Wewe huandika nusu ya barua kila mara. Nusu nyingine, ile tunayoingoja, ndiyo hatujaiona.

Na hesabu yako ya Julai ilikuwa na kosa. Uliweka ndani yake barua ambazo hukuziandika. Tangu Machi umeleta moja tu, ukasimama kwenye nane. Mchele haukusimama.

Sasa swali la pili. Kama ni maneno ya hesabu au ni maneno ya kweli, utapambanua mwenyewe, wewe ndiye mwalimu.

Jamila binti Sumaili anaolewa na Kasimu wa Tunda, Ijumaa ya mwisho ya Agosti, kabla ya mwezi wa kufunga. Masinia ya kulia wageni analeta mama wa bwana harusi, Sharifa, na mpangaji wa masinia ni mimi, kama kawaida. Wageni ni mia moja na ishirini, tumeshawaita. Unajua kwetu kila sinia lazima liwe na watu sawasawa. Kwenye harusi ya Musafiri sinia moja lilipata watu wanne, jirani yake sita, na hadi leo nyumba mbili zile zikikutana njiani zinatazama mto. Mimi nilikuwa nimepanga idadi yangu ya masinia. Sharifa akaniambia: «Dada, mukibanana, mutu mumoja zaidi kwa kila sinia, masinia yatapungua mane, na ile niko nayo itatosha.» Anayo mangapi hakusema, na kumuuliza mama wa bwana harusi ana vyombo vingapi ni kumvua kanga mbele za watu. Nitajuaje bila kumuuliza?

Jibu haraka. Nasema tena: soma yote.

Shangazi yako, Hadidja

(Nimeandika kama nilivyoambiwa, neno kwa neno. J.)


Kampene, 30 Julai 1975

Kwa shangazi yangu mpendwa,

Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Shule imefungwa lakini ngoma haifungwi, kwa hiyo niko hapahapa. Yale ya Masudi, dereva huwa anaongeza chumvi. Mimi nasimama mbele kuangalia mistari tu, na majani ni ya kila mtu.

Swali lako, shangazi! La kwanza lilikuwa zuri, hili ni la mtihani wa taifa. Umetia harusi ndani yake ili mwanafunzi apotee kwenye pilau, ujanja mtupu. Mwandishi wako bila shaka alikuwa anaficha kicheko. Mimi sikupotea. Nilichukua kalamu nikafuta: bibi harusi, bwana harusi, Ijumaa, mama wa nani. Yalibaki mia moja na ishirini, nne, na moja.

Watu wa kila sinia, kwa mpango wako, wawe x. Masinia yako basi ni 120 gawanya kwa x. Ukipunguza masinia manne na kuongeza mtu mmoja kila sinia, wageni ni walewale:

(120/x − 4)(x + 1) = 120

Ukifungua mabano na kusafisha, unabaki na x² + x − 30 = 0. Sasa tafuta namba mbili zinazozaa thelathini zikizidishana, na zinazoachana kwa moja. Sita na tano. Kwa hiyo:

(x + 6)(x − 5) = 0

Ama x ni tano, ama x ni sita chini ya sifuri. Watu sita chini ya sifuri hawaketi kwenye sinia, litupe jibu hilo. Kwa hiyo ulipanga watu watano kwa masinia ishirini na manne, naye mama huyo anayo ishirini, kila moja watu sita. Ishirini mara sita ni mia moja na ishirini, hakuna wa ziada. Uzuri wa vigawo ni huo: kwenye masinia namba ama inagawanyika, ama mtu anabaki amesimama.

Nitalitumia swali hili mwaka ujao, nikishayaondoa majina. Ya Bukavu bado nangoja.

Mwanao, Bulaimu


Kampene, 19 Agosti 1975

Shangazi,

Sina salamu, nisamehe. Masudi amefika leo asubuhi. Nimemuuliza kwa nini analiosha lori, akasema: «Njo nitapeleka bibi harusi Tunda, ile wa Sumaili. We hujui? Si umewafanyia hesabu ya masinia, mama yako anakusifu kila pahali!»

Shangazi, niambie ni swali. Niambie umemtuma Masudi anicheze. Nimezisoma tena barua zako zote, safari hii na majina. Jamila. Jamila binti Sumaili. Uliandika wazi kabisa, na ni mkono wake ulioandika, na mimi nikakujibu kwamba ni swali la mtihani!

Barua ya Bukavu ilifika tangu Aprili. Cheo amepewa mpwa wa mkurugenzi, kijana ambaye akizidisha kwa saba anaangalia dari. Niliona haya. Nilitaka kuja Kindu prefe wa masomo, nimwoe Jamila watu wakitazama, siyo mwalimu mwenye majani kiunoni. Nikasema nitangoja kidogo, huenda kikapatikana cheo kingine. Nampenda. Sijui kwa nini sijawahi kuliandika neno hilo, ni fupi kuliko mlinganyo wowote.

Mwombe Sumaili aahirishe wiki moja, kabla ya mwezi wa kufunga nafasi bado ipo. Mimi siwezi kuondoka mara moja, kwa sababu Jumamosi tarehe thelathini anafika mgeni mkubwa wa Chama, na bila mimi wachezaji wanarudi hamsini na watatu, mkurugenzi ameapa atanipeleka mbele ya kamati. Mara tu baada ya hapo, nakuja. Na kama hawakubali kuahirisha, basi nitatoroka, nitapanda lori lolote. Niwekee nafasi, shangazi, hata kwenye sinia la mwisho kabisa. Nikifika, nikamwona Jamila ana kwa ana, nitajua la kusema.

Mwanao, Bulaimu


Kindu, 26 Agosti 1975

Kwa mwanangu Bulaimu,

Waalaikum salaam, maana salamu uliyosahau naidhania ilikuwepo moyoni. Musafiri amepona. Mbuzi yupo, lakini Ijumaa hatakuwepo.

Barua yako imesomwa kwa sauti kama nyingine. Pale pa «nampenda» msomaji wangu aliiweka barua chini, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni, akarudi akamalizia. Nami nimelia, usidhani sikulia. Wewe ni wangu. Kama ungekuja Aprili na majani hayo kiunoni, ningeyafua mimi mwenyewe, ningeyaanika, na Sumaili angekupa binti yake jioni hiyohiyo. Alikuwa anakupenda yule mzee. Alichokichoka ni karatasi.

Nilikuambia mara mbili usome yote. Sikukuficha hata neno. Jina la msichana niliweka mbele kabisa ya swali, ukachukua kalamu ukalikata, kisha ukatupongeza.

Kuahirisha hakuna. Kasimu ameshaleta mchele, samaki wa Lokandu wameshafika, na Sumaili akisikia sababu yako, kwamba Florentin anahitaji mistari, sijui kama atacheka au atatafuta panga.

Kuhusu masinia, ulisema kweli. Nilimwambia Sharifa, «Nadhani ishirini yanatutosha,» akanishika mkono kwa furaha, hakuaibika mbele ya mtu. Anauliza nani aliyetusaidia. Nikasema ni mtoto wetu mmoja, amesoma sana. Na lile jibu ulilolitupa, la watu sita chini ya sifuri, usingelitupa. Wapo. Ni wanakamati wa Chama wa mtaa wetu. Wamejialika, wanakuja bila kitu, na kila wanapokaa chakula kinapungua. Nimewapangia jikoni.

Nafasi uliyoomba, huyu anayeandika ameitafuta yeye. Nilimwambia aache, akasema hapana, hiyo ni hesabu yake. Namwachia kalamu. Hii ni barua ya mwisho kwa mkono huu, Ijumaa unakwenda Tunda. Nyingine ataniandikia Jeannette wa jirani, ana hati mbaya, utaniwia radhi.

Uje kunisalimu, lakini baada ya Ramadhani. Bado mimi ni shangazi yako.

Hadidja

Kaka Bulaimu,

Mimi ni Jamila. Nilikuwa nikikusalimu chini ya barua za shangazi, nawe ukamwambia ana mwandishi mwenye hati safi. Barua zako nilizozisoma kwa sauti zilikuwa na x kila mahali, na jina langu halikuwemo hata moja, mpaka hii iliyokuja juzi. Nimelisoma jina langu nikaona kama la msichana mwingine, aliyengoja kuliona tangu zamani.

Kasimu hajui vigawo. Siku ya kwanza aliniuliza nikienda kuteka maji kisimani napita njia gani, ili asipite na mizigo yake akaniziba. Nilimjibu mwenyewe, hakunijibia baba.

Umeomba nafasi. Nimefanya kama ulivyotufundisha, hatua kwa hatua. Wageni mia moja na ishirini, ukiongeza wewe, ni mia moja na ishirini na mmoja. Nimejaribu watano kwa sinia, anabaki mmoja. Nimejaribu sita, anabaki mmoja. Namba hiyo haina vigawo vingine ila kumi na moja mara kumi na moja, na sinia la watu kumi na mmoja huku hatunalo. Uliandika mwenyewe kwamba namba ama inagawanyika, ama mtu anabaki amesimama.

Kwa hiyo usitoroke. Kampene bila wewe ni hamsini na watatu, mistari haitimii. Huku bila wewe tuko mia moja na ishirini, na masinia yote yamejaa.

Jamila binti Sumaili